Picha ya Minza Ndani ya Duara

Kharumwa, 3 Machi 2024

Dada Bernadina, shikamoo.

Leo ni mwezi wa saba tangu nitoke Ngokolo, na hii ndiyo mara ya kwanza nakuandikia kwenye karatasi. Simu yako inashikwa na kila anayeingia jikoni kwako, na mdogo wetu Lusia ndiye wa kwanza. Haya ninayoandika Lusia asiyaone. Yanamhusu mume wake.

Nimejua Minza aliko.

Unakumbuka nilikwambia mwezi wa kumi na moja kwamba picha yake imetoweka kwenye kibanda tulichokuwa tunalala mimi na shemeji yetu Donatus. Nilimuuliza, akaapa kwa jina la mama yake. Nilimuuliza tena, akacheka mbele ya vijana, akasema shemeji analilia karatasi. Nikaacha kazi kwenye duara lake, lile shimo lake la dhahabu, nikaja kuvunja mawe hapa kwenye karasha ya Charles, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi la hapa linaingia mpaka ndani ya ugali.

Sasa Rebeka, mama anayetupikia, ameshindwa kukaa nalo. Siku Donatus alipoleta mganga, yeye ndiye aliyewapelekea chai. Akasikia mganga anasema shimo lile linataka mwanamke ambaye sauti yake haijawahi kusikika. Donatus akamfikiria Minza. Kila mtu aliyeingia kibandani mwetu nilikuwa namwonyesha picha na kumwambia, huyu mama alicheza sinema nyingi na hakuna aliyemsikia hata akikohoa, maana zilikuwa sinema za kimya.

Akamtoa kati ya vibao viwili nilivyomwekea, akamkunja mara nne. Mara nne, dada. Akamtia kwenye chungu, akamzika ukutani, chini kabisa ya duara. Tangu hapo mawe yake yanatoa dhahabu. Vijana wake hawajui kilichozikwa ni nini, wanajua ni dawa tu. Wamepewa mwiko: mwanamke asikaribie pale, na sauti ya mwanamke isisikike, hata ya redioni. Mchimbaji akipigiwa na mama yake anakimbia na simu mpaka kwenye shamba la mihogo ndipo apokee.

Unamjua Minza, lakini acha niseme, nikisema napata nguvu. Babu Ngassa alikuwa anazungusha mkono wa mashine ya sinema kwa yule Mhindi wa pamba, na ukuta wa jinari yake ya kuchambulia pamba ndio uliokuwa kitambaa. Babu ndiye aliyewaeleza watu kwa Kisukuma nini kinaendelea. Kwa kuwa hakujua majina ya wale waigizaji wa kike, akawapa ya kwetu: Minza, Kabula, Holo, Limi. Picha zao za studio zilitundikwa nje ili kuvuta watu. Sinema zilipoanza kusema, Mhindi akazitupa zile picha, babu akaziokota. Nyingine nimeongeza mimi. Yule mwenye manyoya kichwani nilimkuta nyuma ya kioo cha kinyozi, amewekwa ili kioo kisicheze. Yule wa kofia nilimpata kwa kutoa baiskeli yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu naimba. Lakini Minza ndiye mkubwa wao. Amegeuza bega, nyusi zake zimechorwa upya kwa penseli na fundi wa studio, na ukiinamisha picha, sehemu za giza zinang'aa kama magamba ya sato. Nilikuja naye huku ili niwe na kitu kimoja cha kutazama ambacho si jiwe.

Sitaki panga. Sitaki polisi, nitawaambia nimeibiwa mwanamke wa karatasi? Nataka duara la Donatus likimbiwe na watu. Nataka Minza mwenyewe aseme, humo humo shimoni, wote wasikie mwiko ukivunjika. Nenda Kambarage kwa mzee Masalu, mpiga picha, anamjua Minza. Muulize kama baadaye alicheza sinema yoyote yenye sauti. Kama ipo, akutilie hiyo sauti kwenye kadi ya simu, ile ya kuwekea nyimbo, nami nitajua la kufanya.

Barua anakuletea Vumilia wa mitumba. Umjibu kwa mkono wake huyo huyo.

Mdogo wako,
Masele

*

Ngokolo, 17 Machi 2024

Masele, marahaba.

Nimesoma barua yako nikiwa nimefunga mlango, kama mwizi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Hujaandika neno moja juu ya kifua chako. Umeandika ukurasa mzima juu ya nyusi za marehemu.

Nimekwenda kwa Masalu. Siku hizi anapiga picha za vitambulisho tu, na hasikii vizuri, ikabidi nipige kelele mpaka wateja wakajua habari zote. Anasema nyuma ya picha ile palikuwa na muhuri wa studio peke yake, bila jina. Anasema sauti ilipoingia, wengi wa wanawake wale waliachwa. Wengine sauti zao hazikupendwa, wengine waliolewa wakakaa ndani. Kwa mavazi yake, anadhani Minza hakufika huko. Akasema, "Mwambie Masele amtazame usoni, mdomoni hatapata kitu."

Sanduku lako liko salama. Nimeanika picha kivulini juu ya kanga, kama ulivyonifundisha, bila kugusa nyuso. Noela wa jirani akapita, akauliza, "Mama Wiliam, hawa wakwe zako ni wa wapi?" Nikamwambia ni wake za Masele. Akasema ndiyo maana hajaoa.

Sasa nisikilize. Donatus ni mume wa mdogo wetu. Ukikausha lile duara umekausha sufuria ya Lusia. Nyumba yao imefika kwenye bati. Lusia hajambo, alikuwa na homa kidogo mwezi uliopita, imepita. Mwache Minza alale huko aliko. Njoo nyumbani.

Dada yako,
Bernadina

*

Kharumwa, 2 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Kifua kinakohoa. Sasa nimeandika.

Jumamosi Donatus alikuja hapa kwenye karasha kuangalia mawe yake yakisagwa. Ana buti mpya na miwani ya jua, ameivaa kivulini. Mimi nilikuwa nimejaa unga wa mawe mpaka kwenye kope. Akanivuta pembeni, akanong'ona kwa upole kabisa, "Shemeji, mkeo anakusalimu. Anasema chini kuna baridi." Halafu akanipangusa vumbi begani, kama mtu anayempangusa mtoto.

Nilikuwa na nyundo mkononi. Kilichonizuia si Mungu, wala si mdogo wetu. Niliona nyundo itamaliza haraka.

Kama Minza hakusema, basi nitafutie yeyote. Mwanamke yeyote wa sinema za zamani, awe analia au anaimba. Wachimbaji hawatajua ni nani, wao watasikia mwanamke yumo ndani ya shimo, inatosha.

Na usinitajie sufuria ya Lusia. Lusia ana bati juu ya kichwa, mimi nina turubai lenye matundu. Anavaa vitenge vilivyotoka mgongoni kwa Minza. Kama anajua, ni mwizi sawa na mumewe. Kama hajui, siku moja atajua, na mimi ndiye nitakayemwambia.

Leta kadi.

Masele

*

Ngokolo, 20 Aprili 2024

Masele,

Sitaki. Usinitume tena kazi hiyo.

Vumilia hakunikuta, nilikuwa kanisani, akamwachia barua aliyekuwepo nyumbani. Nilipoipata ilikuwa imefungwa vizuri.

Lusia amehamia kwangu kwa muda, kwao wanapiga plasta. Analala chumba chenye sanduku lako. Usimwandikie maneno kama yale, na usiniulize kwa nini.

Bernadina

*

Ngokolo, 28 Aprili 2024

Kaka Masele, shikamoo.

Ni mimi niliyefungua barua yako, nikaifunga tena kwa uji. Ile ya kwanza niliikuta chini ya godoro la dada. Kwa hiyo najua ulivyoniita.

Hakuna plasta. Hakuna bati pia. Dada alikudanganya kwa sababu nilimwomba, nilikuwa naona aibu.

Donatus alipokuja Krismasi, nilimfungulia mlango nikafungua na mdomo, akaniwekea kidole kwenye midomo kabla sijamsalimia. Akasema mganga amemkataza sauti ya mwanamke mpaka duara litakapomaliza kutoa. Alikaa wiki nzima. Naongea naye kwa mikono. Siku nilipojisahau nikamwita aje kula, alinipiga kwa upawa, chakula kikapoa tukiwa tumekaa kimya wote wawili.

Akaniacha na mimba. Mwezi wa pili damu ilianza mchana, nikiwa peke yangu, siwezi kusimama kuufikia mlango. Nilimpigia yeye kwanza, ni mume wangu. Akakata. Nikapiga tena, akakata. Kisha akapokea. Nilisema "Donatus" tu, akakata. Ndipo nikampigia dada, lakini dada alikuwa shambani. Hiyo ndiyo homa aliyokuandikia.

Kwa hiyo usitafute Mzungu wa sinema. Kwenye kadi hii nimesema mimi, kwa Kisukuma, na sijasema uongo hata mmoja. Mwanzoni nimeacha kimya kirefu ili upate nafasi ya kuondoka pale. Usibadilishe kitu. Wewe umeibiwa picha, kaka, na nimekuonea huruma kweli. Lakini changu ni kikubwa kuliko chako, nawe utanibebea.

Nalala na sanduku lako miguuni. Nimewatoa wote, nikawatazama mchana kutwa. Midomo yao imeachana kidogo, kama watu waliokatizwa. Hukuwahi kutuambia hilo. Ulikuwa unatuambia nyusi.

Lusia

*

Kharumwa, 14 Mei 2024

Mdogo wangu Lusia,

Sijui nianze wapi. Nilikuita mwizi, na sina namna ya kulifuta. Nilisikiliza kadi yako mara moja, nikiwa nimejifunika blanketi. Nilipotoka nikaenda kumwomba Rebeka spika yake, ile ndogo kama kopo anayopigia muziki gengeni. Hakuniuliza ya nini. Alisema tu, "Ichaji kwanza."

Karasha yetu inanolea maduara yote vyuma vya kuchimbia. Mchana, watu wakiwa kwenye ugali, gunia la vyuma linateremshwa kwa kamba ili wakishuka wavikute. Jumatano nikabeba mimi gunia la duara la Donatus. Spika, yenye kadi yako, nimeifunga ndani ya kitambaa, katikati ya vyuma, inacheza, na bado ni kile kimya chako. Ndaki, yule wa kamba, akaniuliza, "Masele, leo umetumwa kwa shemeji yako, mmepatana?" Nikamwambia tumepatana. Akaanza kuteremsha. Hakukuwa na mtu chini, nilihakikisha.

Donatus alikuwa amekaa kwenye ndoo, anachokonoa meno. Vijana wake wamezunguka sinia chini ya turubai. Mimi nikasimama nyuma yao.

Halafu shimo likasema, "Mwadila, Donatus."

Lusia, ukuta wa duara unakuza sauti. Ulisema salamu ya mchana kama unavyomsalimia mtu mlangoni, nayo ikapanda ikiwa ya wanawake watatu. Hakuna aliyeinuka. Mmoja alibaki na tonge mkononi. Ukasema, "Uliniacha mahali pasipo na mtu. Nilikuita, ukanisikia, ukanikata. Mwanao alikuwa tumboni. Damu yangu iko chini, Donatus, na wewe unakula."

Hapo ndipo Ndaki alipoachia kamba. Gunia likaenda mpaka chini, kwenye maji, ukakatika katikati ya neno. Nafikiri hilo ndilo lililowamaliza. Kama ungefika mwisho wangesikia unaaga, wangejua ni mtu. Vile ulivyokatika, hakuna aliyetaka kusubiri.

Wengine walishakimbia. Wale waliobaki wakamgeukia Donatus. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Akasema, "Tulieni. Huyo ni mke wangu."

Yuko mchimbaji mmoja mtu mzima, kutoka Runzewe, huwa hazungumzi. Akamuuliza taratibu, "Mkeo anafanya nini chini?"

"Hayuko chini. Yuko Ngokolo, Shinyanga."

"Shinyanga ya wapi? Sisi tumemsikia humu."

"Nawaambia yuko nyumbani, mzima."

"Na huyo mtoto wa tumboni naye mzima?"

Akageuka kulitazama shimo. Lusia, niliona kwamba hakujua habari ya mimba. Alikuwa hajajua mpaka pale. Nikafikiri nitamwonea huruma, nikasubiri ije, haikuja.

Walipotamka mwiko wakaanza kuunganisha wenyewe: mwanamke asikaribie, sauti ya mwanamke isisikike. Mmoja akasema, "Kumbe ulikuwa unaogopa tumsikie." Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitwa kabla sinia halijaondolewa. Donatus akaomba akupigie simu, wote wasikie kwamba uko hai. Wakakubali, simu ikawekwa sauti kubwa. Ikaita. Ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu ikasema haipatikani.

Aliniona nyuma ya watu. Angeweza kunitaja. Lakini akinitaja ingembidi aseme nina kisa gani naye, na chunguni kuna nini. Akainamisha kichwa.

Wamemfungia kwenye stoo. Usiku ule nililitoa gunia shimoni na spika yake, hakuna aliyeniona. Hawampigi, nimeangalia. Anapewa chakula. Niambie kitu kimoja: mchana ule, simu uliiona?

Kaka yako,
Masele

*

Ngokolo, 19 Mei 2024

Kaka, shikamoo.

Niliiona. Nilikuwa nimekaa nayo mapajani tangu asubuhi.

Lusia

Masele, hapa ni mimi Bernadina. Niliposoma barua yako niliichukua simu yangu niwapigie hao sungusungu niwaambie Lusia yuko hapa anachambua mchele. Nilikuwa nimeshaishika. Kisha nikakumbuka siku niliyorudi kutoka shamba, jinsi nilivyolazimika kumpandisha dirishani mtoto wa Noela ndipo mlango wa Lusia ufunguliwe. Nimeirudisha simu mahali pake. Nitakwenda kuungama kwa padri, lakini si wiki hii.

*

Kharumwa, 27 Mei 2024

Dada Bernadina, shikamoo. Lusia, hujambo.

Mambo yamefika hapa. Wazee wa sungusungu walikataa apige simu tena. Walisema simu inaweza kupokewa na mwanamke yeyote, wanataka mtu wamwone kwa macho. Na kwa kuwa Donatus alisema chini hakuna maiti, wakamwambia achimbe mwenyewe waone. Kila asubuhi anateremshwa peke yake na koleo. Vijana wake wote wamehamia maduara mengine, hata kamba wanamshikia kwa zamu, wakiwa wamegeuza nyuso. Rebeka amehamishia genge lake pale pale kwenye mdomo wa duara, anapika na kuimba kwa sauti anayoitaka. Wanawake wanatoka vijijini kuja kuchungulia. Juzi Donatus alipanda jua likiwa kali, matope mpaka kifuani, akamkuta mama mmoja amesimama na ndoo kichwani, anamtazama tu. Donatus alimwamkia. Yule mama hakuitikia.

Siku ya tano alipanda na chungu. Nilijua atafika huko. Alikuwa ameamua kusema yote, heri mwizi kuliko muuaji. Akalia mbele ya wazee, akasema, hakuna mke, hakuna mauaji, dawa yenyewe ni hii, ni picha, picha ya sinema ya Masele, niliichukua kwake, muulizeni.

Wakaniita kutoka kwenye karasha. Wakamwaga chungu juu ya gunia.

Alikuwa Minza. Maji yalikuwa yamemwingia. Ile mikunjo minne imempasua msalaba katikati, na uso wote umekuwa mweusi na kutoka maganda. Umebaki upande mmoja wa mdomo, na bega. Bega lile ningelitambua nikiwa kipofu. Nilitaka kumchukua, dada. Mzee Masalu aliwahi kuniambia kuna namna ya kuiloweka picha ikafunguka bila kupasuka zaidi, nami mikono yangu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Mwenyekiti wa sungusungu akaniuliza, "Masele, wengi wanasema ulikuwa na picha ya mwanamke kibandani. Ni hii?"

Donatus alikuwa amepiga magoti. Akaniambia, "Shemeji, nakuomba."

Nikainama, nikamtazama Minza vizuri, kwa mara ya mwisho. Nikasema, "Hapana. Hii siijui."

Wakaiweka kwenye mfuko pamoja na chungu, ni ushahidi. Rebeka alikuwa anapakua wali. Alinitazama, nikamtazama, akaendelea kupakua. Donatus amerudishwa chini. Sasa wanaamini zaidi, kwa sababu mtu asiye na hatia asingezika uso wa mwanamke akiwa ameukunja.

Babu aliwaokota hawa wanawake kwenye takataka, na mimi nimemrudisha mkubwa wao. Msinifariji. Nilijua ninachotoa na nilijua ninachonunua.

Lusia, uamuzi wao ni huu: Donatus ataachiwa siku utakapoletwa hapa, usimame mbele yao na useme kwa mdomo wako. Wakauliza nani wa kumfuata. Nikasema ni mimi, ni kaka yake. Wakaniuliza naondoka lini, magari ya Shinyanga yapo kila siku. Nikawaambia mimi ni mtu wa kazi, nina mawe ya watu hayajavunjwa, na kifua changu hakiruhusu safari ya haraka. Walikubali, ni watu waungwana.

Nitafika Ngokolo mwezi wa nane, Nanenane ikishapita.

Masele